Kipya kinyemi ingawa kidonda: Mwongozo wa kufuatilia kadi mpya za grafiki na kasoro zake

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo ingefaa kuandikwa kwenye boksi la kila kadi mpya ya grafiki inayoingia sokoni. Kila baada ya miaka miwili hivi kampuni hutoa kizazi kipya, vijana hukesha kutazama uzinduzi, na kadi huisha madukani kwa saa chache. Baada ya wiki kadhaa, au hata miezi, ndipo kasoro hujitokeza: plagi imeyeyuka, skrini imekuwa nyeusi, au chipu imetoka kiwandani ikiwa pungufu.

Kwa mnunuzi wa Marekani au Ujerumani, jambo hilo ni usumbufu. Anarudisha kadi dukani na kupewa nyingine. Kwa mkazi wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyeletewa kadi na jamaa kutoka Dubai au Uingereza, kasoro hiyo hiyo yaweza kuwa hasara ya akiba ya mwaka mzima, kwa sababu waranti imebaki kule kadi ilikonunuliwa. Ndiyo maana kwetu sisi, kujua kadi gani imetoka hakutoshi. Lazima pia kujua imefikia wapi katika miezi yake ya kwanza. Makala haya yanaeleza jinsi ya kufuatilia hayo, aina za kasoro, na la kufanya kadi inaposumbua.

Kadi ya grafiki ni nini, na nani huitengeneza?

Kadi ya grafiki ni bodi inayochomekwa kwenye madabodi ya kompyuta ili kuchora picha zinazoonekana kwenye skrini. Moyo wake ni chipu iitwayo GPU. Jina hilo lilienea mwaka 1999, Nvidia ilipotoa GeForce 256 na kuitangaza kuwa GPU ya kwanza duniani. Kando ya chipu kuna kumbukumbu yake yenyewe, sehemu za kugawa umeme, bamba la kupozea na feni. Wachezaji gemu ndio wateja wanaojulikana zaidi, lakini anayehariri video za harusi na anayechora ramani za nyumba nao huihitaji.

Kampuni tatu huunda chipu hizi: Nvidia yenye kadi za GeForce, AMD yenye Radeon, na Intel yenye Arc. Zote ni za Marekani, ingawa chipu zao za kizazi cha sasa huchapwa na TSMC ya Taiwan. Kisha kampuni kama Asus, MSI, Gigabyte na Sapphire hununua chipu na kuziundia bodi, feni na boksi.

Mgawanyo huo wa kazi ni muhimu kuuelewa kwa sababu ndio unaoamua nani wa kulaumiwa. Kasoro ikiwa kwenye chipu, itaonekana kwenye kadi za kampuni zote. Ikiwa kwenye bodi, itaonekana kwa mtengenezaji mmoja tu. Unaposoma habari kwamba kadi fulani ina tatizo, swali la kwanza ni hili: ni ya nani, ya wote au ya mmoja?

Safari ya kadi kutoka uvumi hadi mezani kwako

Kadi mpya hupitia hatua zinazofanana. Kwanza huja uvumi, ambao haufai kununuliwa wala kuuzwa. Kisha huja tangazo rasmi, mara nyingi kwenye maonyesho ya CES mjini Las Vegas kila Januari, au Computex mjini Taipei kati ya Mei na Juni. Baadaye wajaribuji huru hupewa kadi na kuchapisha vipimo vyao. Halafu kadi huingia dukani. Hatua ya mwisho haina sherehe wala kamera: ni ile ya maelfu ya watu kuitumia majumbani, kila mmoja na kompyuta yake, pawa saplai yake na joto la chumba chake. Kasoro nyingi hugunduliwa hapo.

Tazama mifano mitatu. GeForce RTX 5090 ilitangazwa tarehe 6 Januari 2025 na kuanza kuuzwa tarehe 30 mwezi huo kwa dola 1,999. Ukihesabu kila dola kwa shilingi 129, hizo ni takribani shilingi 258,000 kabla ya usafiri na kodi ya VAT ya asilimia 16. Kufikia Februari, picha za plagi zilizoyeyuka zilikuwa zimesambaa na Nvidia ilikuwa imekiri kasoro nyingine kwenye chipu.

Radeon RX 7900 XTX ya AMD iliingia sokoni tarehe 13 Desemba 2022 kwa dola 999. Mwezi uliofuata AMD ilikiri kwamba baadhi ya kadi zake zilikuwa na maji pungufu ndani ya bamba la kupozea, hivyo sehemu ya moto zaidi ya chipu ilikuwa ikifika nyuzi 110.

Radeon RX 5700 XT ilitoka Julai 2019. Wengi walilalamikia skrini kuwa nyeusi katikati ya mchezo. Draiva iliyomaliza sehemu kubwa ya malalamiko hayo ilitolewa Februari 2020, yaani miezi saba baadaye.

Kwa hiyo mwezi mmoja hadi miwili hutosha kufichua kasoro za kiwandani, lakini za programu zaweza kuchukua zaidi ya nusu mwaka kutibiwa.

Kusoma tangazo bila kupotezwa

Tangazo ni biashara. Katika uzinduzi wa Januari 2025, mkuu wa Nvidia Jensen Huang alisema RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090, kadi iliyotoka kwa dola 1,599. Maneno hayo yalitegemea teknolojia inayobuni picha za ziada kati ya zile ambazo kadi imezichora kweli. Picha hizo hufanya mwendo uonekane laini, lakini hazifanyi gemu liitikie vidole vyako haraka zaidi. Wajaribuji walipozima teknolojia hiyo, 5070 ilibaki nyuma sana. Basi ukiona mchoro wa kasi wenye nguzo ndefu, tafuta maandishi madogo chini yake yanayoeleza ulipimwa vipi.

Jihadhari pia na majina. Mwaka 2022 Nvidia ilitangaza RTX 4080 mbili, moja ya GB 12 na nyingine ya GB 16. Ungedhani tofauti ni kumbukumbu tu, kumbe chipu zenyewe zilikuwa tofauti. Kelele zilipozidi, tarehe 14 Oktoba 2022 kampuni iliiondoa ile ya GB 12 kabla haijauzwa, na Januari 2023 ikairudisha kwa jina la RTX 4070 Ti kwa bei iliyopunguzwa. RTX 5060 Ti nayo huuzwa ikiwa na GB 8 au GB 16, na RTX 3050 ya GB 6 ni dhaifu kuliko ya GB 8. Muulize muuzaji jina kamili pamoja na ukubwa wa kumbukumbu, na uyaone yameandikwa kwenye risiti.

Dalili nyingine ya kuangalia ni ukimya. RTX 5060 ilipotoka Mei 2025, wajaribuji wengi hawakupewa draiva kabla ya siku ya mauzo, hivyo wanunuzi wa kwanza walilipa bila vipimo huru vya kutosha. Muuzaji asiyetaka embe lake libonyezwe ana sababu zake.

Aina tatu za kasoro

Malalamiko ya kadi za grafiki ni mengi, lakini karibu yote huingia katika mafungu matatu. Kujua fungu ndiko kunakukuambia usubiri, ubadilishe, au uachane nayo.

Fungu la kwanza ni kasoro za draiva. Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi. Dalili zake ni skrini nyeusi, gemu kujifunga, au rangi kuvurugika kwenye gemu moja huku mengine yakienda sawa. RX 5700 XT ilikuwa hapa, na kadi za RTX 50 nazo zilianza 2025 na malalamiko ya skrini nyeusi yaliyoilazimu Nvidia kutoa marekebisho ya haraka mara kadhaa. Kasoro hizi hutibika bila gharama. Hata hivyo, draiva mbaya yaweza kudhuru: Machi 2010 Nvidia iliondoa toleo 196.75 baada ya kubainika kwamba lilikuwa likivuruga feni na kuziacha kadi zichemke. Funzo lake ni kutokimbilia draiva mpya siku inapotoka ikiwa iliyopo inakutosha.

Fungu la pili ni kasoro za kundi moja la uzalishaji. Hapa muundo ni mzuri ila kiwanda kimekosea kwa baadhi ya kadi. Bamba la RX 7900 XTX ni mfano mmojawapo. Mwingine ni wa Julai 2021, ambapo kadi kadhaa za RTX 3090 za kampuni ya EVGA zilikufa wakati wa majaribio ya gemu la New World. Lawama zilielekezwa kwa gemu, lakini EVGA ilichunguza na kueleza kwamba kadi hizo, takribani dazeni mbili, zilikuwa na ulehemu mbovu. Gemu lilifichua tu ugonjwa uliokuwepo. Februari 2025 Nvidia ilikiri kwamba chini ya asilimia 0.5 ya RTX 5090 na RTX 5070 Ti zilitoka na upungufu wa vitengo vya kumalizia picha viitwavyo ROP, na kwamba hasara ya kasi ilikuwa wastani wa asilimia 4. RTX 5090 kamili ina vitengo 176. Zile pungufu zilikuwa na 168. Baadaye RTX 5080 iliongezwa kwenye orodha. Hakuna programu inayoweza kurudisha vitengo hivyo. Dawa ni kubadilishiwa kadi.

Fungu la tatu ni kasoro za muundo wenyewe. Hizi ziko kwenye kila kadi ya aina hiyo. GTX 970 ya Septemba 2014 iliuzwa kama kadi ya GB 4, lakini mapema 2015 ilibainika kwamba GB 0.5 ya mwisho ilikuwa ya mwendo wa polepole mno. Mwaka 2016 Nvidia ilikubali kulipa dola 30 kwa kila kadi katika kesi ya wanunuzi wa Marekani. Mnunuzi wa huku kwetu hakuwa na chake.

Plagi inayoyeyuka: kasoro iliyovuka vizazi viwili

Kasoro iliyozua mjadala mkubwa zaidi miaka ya karibuni ni ya plagi ya umeme. Inafaa kuelezwa kwa kina kwa sababu ndiyo inayoweza kuunguza nyumba yako.

Kadi za zamani zilitumia plagi ya pini 8 iliyopangiwa wati 150. Kwa volti 12, hizo ni ampea 12.5 zinazogawanywa na nyaya tatu, karibu ampea 4 kila waya. Plagi ilikuwa na akiba kubwa ya usalama. RTX 4090 ya Oktoba 2022 ilikuja na plagi ndogo zaidi, 12VHPWR, iliyopangiwa hadi wati 600 kupitia nyaya sita. Kadi ya wati 575 kama RTX 5090 yaweza kupitisha karibu ampea 8 kwa kila waya, wakati pini yenyewe imepangiwa ampea 9 na kitu. Akiba imebaki nyembamba.

Wiki chache tu baada ya RTX 4090 kutoka, watu walianza kuonyesha plagi zilizoyeyuka. Novemba 2022 Nvidia ilisema inajua visa takribani 50 duniani, na kwamba chanzo kilichoonekana mara nyingi ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 plagi ilirekebishwa na kuitwa 12V-2x6. Pini ndogo za kutambua zilifupishwa ili kadi isivute umeme mwingi kama plagi haijaingia sawasawa.

Lakini RTX 5090 ilipotoka na plagi hiyo mpya, visa vilirudi. Mtaalamu wa Ujerumani anayejulikana kama der8auer alipima nyaya za kadi yake na kukuta mmoja ukipitisha zaidi ya ampea 20 huku mingine ikibeba kidogo. Joto kwenye waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: ukiongeza ampea mara mbili na nusu, joto hupanda zaidi ya mara sita. Sababu ni kwamba kadi huziunganisha nyaya zote sita kuwa njia moja mara tu baada ya plagi, hivyo haiwezi kujua waya upi umezidiwa. Hilo ni suala la muundo, na draiva haiwezi kulitibu.

Mwenye kadi ya aina hii afanye nini? Asukume plagi hadi isionekane nafasi yoyote, asiikunje waya ndani ya sentimita 4 kutoka kwenye plagi, atumie waya uliokuja na pawa saplai yenyewe, na asichomoe na kuchomeka kila mara. Akisikia harufu ya plastiki, azime kwenye soketi ya ukutani kwanza, maswali baadaye. Kadi za wati 300 kushuka chini, hata zikiwa na plagi hiyo, ziko mbali zaidi na hatari kwa sababu mkondo wake ni nusu.

Kadi inapolaumiwa bure

Si kila skrini nyeusi ni ya kadi. Kati ya 2023 na 2024 wachezaji wengi waliona ujumbe kwamba kumbukumbu ya video imekwisha, hata kwenye kadi zenye GB 24. Wakazirudisha kadi, zikaja nyingine, tatizo likabaki. Aprili 2024 Nvidia iliwaelekeza wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 kwa Intel. Ilibainika kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikipata volti kupita kiasi na kuzeeka kabla ya wakati. Agosti 2024 Intel ilitoa marekebisho yanayowekwa kupitia BIOS ya madabodi, na ikaongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara mapya. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi. Anayenunua kompyuta iliyotumika yenye prosesa hizo aulize kama BIOS ilisasishwa, na lini.

Kadi mpya ndani ya kompyuta kuukuu

Wengi hapa Pwani hujenga kompyuta ya gemu kutokana na mashine za ofisi zilizotumika ng'ambo. Ni njia nzuri ya kubana matumizi, lakini kadi mpya na mashine kuukuu si mara zote wanaelewana.

Anza na umeme. Mashine nyingi za ofisi zina pawa saplai ndogo isiyo na plagi ya kadi. Tundu la madabodi pekee hutoa hadi wati 75. Kadi zinazoishi ndani ya kiwango hicho, kama GTX 1650 zisizo na plagi na RTX 3050 ya GB 6, ndizo salama. Pima pia urefu na kimo cha kasha kabla ya kulipa.

Kisha angalia prosesa. Intel Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12, bei iliyowavutia wengi. Januari 2025 wajaribuji walionyesha kwamba kwenye prosesa za zamani kasi yake hushuka sana, kwa kuwa draiva yake huitwika prosesa mzigo mkubwa. Aidha, kadi za Arc zahitaji kipengele kiitwacho Resizable BAR, na Intel hupendekeza prosesa ya kizazi cha 10 au zaidi. Kwenye Core i5 ya kizazi cha 4, hiyo ni pesa iliyotupwa.

Radeon RX 6500 XT ya Januari 2022 ina tatizo linalokaribia hilo. Hutumia njia nne tu za kuwasiliana na madabodi, badala ya nane au kumi na sita. Kwenye madabodi mpya hazisumbui sana, kwenye za zamani hupunguza kasi waziwazi.

Na wanaotafuta GTX 1050 Ti au 1060 za mtumba wajue kwamba Nvidia ilimaliza kutoa draiva mpya za gemu kwa kizazi hicho Oktoba 2025. Marekebisho ya usalama yataendelea hadi Oktoba 2028. Kadi bado zitafanya kazi, ila gemu mpya zikigoma hakuna wa kuzisaidia.

Joto, chumvi na stima

Vipimo unavyosoma hufanywa mara nyingi kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Kadi hupozwa na hewa ya chumba, hivyo chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 22, chipu nayo itakuwa na joto la nyuzi 10 hivi zaidi. Kadi iliyopimwa nyuzi 75 kule, kwetu Februari au Machi itagusa 85 na huenda ikaanza kujipunguzia kasi. Kwa hiyo chagua toleo lenye bamba kubwa na feni mbili au tatu, usiifungie kompyuta ndani ya kabati, na upunguze kidogo kiwango cha umeme wa kadi kwa programu kama MSI Afterburner. Kadi nyingi zikipunguziwa asilimia 15 hadi 20 ya umeme hupoteza kasi kidogo tu na kupungua joto sana.

Hewa ya bahari hubeba unyevu na chumvi, na hivyo viwili vikikutana na vumbi huunda utando unaokula metali. Kompyuta iliyo karibu na dirisha linaloelekea baharini isafishwe kila baada ya miezi mitatu kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, feni zikiwa zimeshikiliwa zisizunguke. Isiyotumika kwa wiki nyingi iwashwe mara kwa mara ikauke.

Kuhusu stima, hatari kubwa ni pale inapopotea na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda volti au UPS ni nafuu kuliko kadi yoyote. Pawa saplai ya bei ya kutupwa ndiyo akiba mbaya kuliko zote, kwani ikifa huweza kuondoka na kadi, madabodi na diski. Rahisi ghali.

Unaponunua kadi iliyotumika

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha mfumo uliokuwa ukitumia kadi za grafiki kuchimba sarafu, na kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo usiku na mchana zikamwagika kwenye soko la mtumba. Kuchimba hakumaanishi lazima kadi ni mbovu, ila feni na pedi zake za kupitisha joto zitakuwa zimechoka.

Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia. Kuna chipu za zamani kama GTS 450 zilizoandikwa upya zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows huamini. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi za namna hiyo na kuziandika kuwa feki. Kwa hiyo usilipe kwa M-Pesa kabla kadi haijawashwa mbele yako, ikasomwa na GPU-Z, na kuendeshwa gemu zito kwa dakika 20 huku ukitazama joto na kusikiliza feni. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kadi mpya yako ikianza kusumbua

Fuata mpangilio huu, ukianza na kisichogharimu kitu. Chomoa na uchomeke tena waya wa skrini, kisha jaribu waya mwingine. Zima, toa kadi, irudishe kwenye tundu lake na usukume plagi zote hadi mwisho. Ondoa draiva kabisa kwa programu ya DDU na uweke upya, na kama ya mwisho inasumbua rudi kwenye iliyotangulia. Tazama joto kwa HWiNFO. Linganisha hesabu ya vitengo kwenye GPU-Z na ile ya mtengenezaji. Ukishindwa, ijaribu kwenye kompyuta ya jirani. Tatizo likiifuata kadi, ni la kadi. Likibaki nyumbani, tafuta kwingine.

Piga picha na video ya kila hatua. Usikubali fundi afungue kadi yenye waranti, kwa kuwa watengenezaji wengi wataikataa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, lakini haki hiyo huhitaji ushahidi, na ushahidi ni risiti yenye jina kamili la kadi na namba yake.

Kusubiri kuna mipaka

Kusubiri nako kuna gharama. Mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda kwa sababu ya mahitaji ya vituo vya akili mnemba, na Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuacha biashara ya Crucial iliyowauzia wateja wa kawaida. Anayengoja bei ishuke milele huenda akaiona ikipanda.

Lakini kungoja kasoro zijulikane ni jambo jingine, na lina mwisho. Miezi mitatu hutosha kwa kadi nyingi. Ndani ya muda huo soma vipimo vya wajaribuji wasiopungua wawili, tafuta jina la kadi pamoja na neno la tatizo, na uulize kama malalamiko ni ya draiva, kundi au muundo. Yakiwa ya draiva na yanapungua kila mwezi, nunua. Yakiwa ya kundi, nunua pale utakapoweza kurudisha, hata kama duka hilo la hapa nchini ni ghali kidogo kuliko mzigo wa Dubai. Yakiwa ya muundo, chukua kadi nyingine. Gemu halitakimbia.